MJADALA: Wilaya ambayo haijawahi kupata maafa itenge hela za kujiandaa, au tumalize zahanati kwanza?

Wakuu habari za jioni. Naomba hili tulijadili kwa utulivu maana huku kwetu limeshagawanya watu kuanzia vikao vya kata mpaka vijiweni. Sisi tuko mkoa wa Tabora, wilaya ya wakulima, tambarare tupu, mlima wa kutuporomokea hatuna, bahari hatuna, na tetemeko tunalisikia redioni tu. Wakati wa kupanga bajeti likaja pendekezo kwamba halmashauri itenge kitu kidogo kwenye mapato ya ndani kwa ajili ya kujiandaa na maafa, likapigwa chini palepale. Waliolikataa wanasema wilaya yetu haina historia ya maafa, na zahanati kibao zimeishia kwenye lenta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), wananchi wamechanga matofali na nguvu zao na mpaka leo hakuna bati. Hoja hiyo ina uzito na wanaoitoa sio watu wabaya. Ila mimi naona wanakosea, na wanakosea kwa namna ambayo inaweza kuua watu.

Wengi wakisikia maafa akili inakimbilia Hanang, ile Desemba 3, 2023, sehemu ya mlima ilipomeguka ikashusha tope, mawe na magogo mpaka Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Au Bukoba Septemba 2016, tetemeko la 5.9. Ukitupima kwa hizo, kweli tuko salama. Lakini sasa chukua Mwakata. Mwakata iko Kahama, majirani zetu hao, ardhi inafanana, kilimo kinafanana, nyumba ndio hizihizi zetu. Usiku wa Machi 3, 2015 ilishuka mvua ya mawe na upepo, wakafa watu zaidi ya 40 usiku mmoja. Hapakuwa na mlima pale wala bahari. Watu walikuwa wamelala ndani, kuta za tofali za udongo zikalowa zikawaangukia, baba mama na watoto pamoja. Mtu angefika Mwakata wiki moja kabla akauliza kama kijiji kile kina hatari ya maafa angepewa jibu hilihili tunalopewa sisi leo, kwamba hapa hakuna historia.

Halafu radi. Januari 2025 kule Bukombe, Geita, wanafunzi 7 wa sekondari waliuawa na radi wakiwa shuleni, wengine makumi wakajeruhiwa. Ni shule ya kawaida, wilaya ya kawaida. Mngapi humu mna watoto wanaosoma kwenye shule yenye kizuia radi? Mimi shule zote za kata yetu nimeangalia mapaa, sijaona.

Kwahiyo ninachosema ni hiki: huku kwetu hatari haiko kwenye mlima wala mto, iko kwenye namna tunavyojenga. Upepo ukipita chini ya paa unalinyanyua, na kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) kama imepigwa misumari miwili mitatu kwenye ubao wa juu ya ukuta na huo ubao wenyewe umelazwa tu bila kufungwa, paa linaondoka zima, na likishaondoka ukuta uliobaki haujashikwa na kitu juu, unayumba, unaanguka kwa ndani. Ukuta wa udongo usio na msingi wa mawe na wenye paa fupi unapigwa na maji chini mpaka unalainika. Hivyo ni vitu fundi yeyote wa kijijini anavijua, ukimlipa avifanye atavifanya. Ila hatumlipi, tunamwambia okoa hela.

Na tahadhari nazo. TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa angalizo la mvua kubwa na upepo, siku hizi wanajitahidi kweli, lakini huku kwetu naona linaishia kwenye magrupu ya WhatsApp ya watumishi. Bibi yangu hana simu janja. Ila msikiti una spika, kanisa lina kengele, shule ina kengele, mwenyekiti wa kitongoji ana miguu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji, lakini kijijini kwetu ukiuliza nani mjumbe watu wanaangaliana.

Karibuni, hata kama unapinga, pinga kwa hoja.

Mchangiaji wa 2

Mkuu nimekusoma vizuri ila mimi niko upande wa waliokataa. Nimekaa kwenye baraza la kata miaka, najua hela ikiandikwa "maafa" inaenda wapi. Inaenda semina, inaenda posho, inaenda mafuta ya gari la kwenda kwenye semina. Mama anajifungulia njiani kwa sababu zahanati iko kilomita nyingi, huo kwangu ndio msiba wa kila wiki, hausubiri upepo. Halmashauri ndogo kama zetu mapato yenyewe ni ushuru wa mazao, asilimia 10 inaenda mikopo ya kinamama, vijana na wenye ulemavu kwa mujibu wa sheria, kinachobaki ukianza kukikatakata hakuna kitu kitakachokamilika. Maafa yakitokea serikali kuu inakuja, tumeona Hanang ilivyokuja na jeshi.

Mchangiaji wa 3

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu sheria ya fedha za umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura usiozidi asilimia 2 ya mapato yake, lakini msidhani mfuko peke yake ni dawa. Angalieni Mai Mahiu Aprili 2024, watu wengi sana walikufa usiku, mwanzoni tukaambiwa ni bwawa limepasuka, baadaye wizara ya maji ikaeleza ni kalvati chini ya reli iliyoziba kwa takataka na miti, maji yakajikusanya nyuma mpaka yakapasua. Kalvati wazee! Kazi ya vijana wenye jembe na panga kabla mvua haijaanza. Sasa niulize, hiyo kazi ni ya mfuko gani? Haikuhitaji mamilioni, ilihitaji mtu mwenye jukumu la kwenda kuangalia.

Mchangiaji wa 4

Mimi ni mkulima wa tumbaku. Mvua ya mawe tunaijua, inakupiga shamba lote dakika kumi na msimu umekwisha, tukikutana kwenye chama cha msingi cha ushirika tunaongelea bima ya tumbaku mwanzo mwisho. Nimesoma hapa nimejiuliza, jani la tumbaku tunalikatia bima halafu nyumba anayolala mtoto hatuna hata mpango nayo. Ila pia nitasema ukweli, mabani yetu ya kukaushia tumbaku ndio tunayokimbilia mvua ikitukuta shambani, au mti wa mwembe, na hakuna aliyewahi kutufundisha radi tuikimbie vipi.

Mleta mada

Asanteni, nijibu kidogo.

Mchangiaji wa 2, hofu yako ya posho naichukua yote, siipingi hata nukta. Ndio maana nikirudi kwenye kikao sitaomba tena fungu la maafa kwenye akaunti. Naomba masharti kwenye ujenzi ambao tayari una hela. Madarasa na zahanati tunajenga kwa force akaunti, yaani wenyewe bila mkandarasi, kamati ya ujenzi ni wananchi wenyewe, fundi ni wa kwetu. Iandikwe kwenye mkataba wa fundi kwamba kenchi zifungwe kwa chuma kwenye lenta, paa lizidi ukuta kiasi cha kutosha, kizuia radi kiwekwe na kifikishwe ardhini, na bila hivyo jengo halipokelewi. Hiyo hela huwezi kuila semina kwa sababu iko kwenye jengo, inaonekana kwa macho. Na zahanati yako unaipata, tena ambayo haitaezuliwa mwaka wa pili tukaanza kuchangishana upya, kitu ambacho wote tumekiona kwenye shule.

Kuhusu serikali kuu kuja, ndiyo inakuja, na Hanang ilifanya kazi kubwa. Lakini saa za mwanzo hakuna aliyepo ila jirani. Usiku ukuta ukianguka anayekuchimbua ni mtu wa nyumba ya tatu akiwa na koleo na tochi. Namba ya zimamoto na uokoaji ni 114, kila mtu aishike, ila gari lao liko mjini na barabara yetu masika mnaijua. Kwahiyo ile kamati ya kijiji kazi yake ya kwanza iwe kuandika majina: nani ana trekta, nani ana pikipiki inayofika popote, nesi anaishi wapi, mzee gani na mlemavu gani anaishi peke yake anayehitaji kuamshwa, shule ipi ni imara ya kulaza watu. Karatasi moja, ibandikwe ofisi ya kijiji. Haina posho.

Ndugu wa Kenya, la kalvati nalichukua kama lilivyo. Mtendaji azunguke na vijana mwezi mmoja kabla ya msimu, makalvati na mifereji.

Na wewe wa tumbaku umenigusa. Radi ikianza usikae chini ya mti, hata uwe mkubwa vipi, usibaki katikati ya shamba ukiwa ndio mrefu kuliko vyote, ingia kwenye nyumba iliyofungwa vizuri, kaa mbali na ukuta, dirisha na vyuma, na usitoke mpaka ngurumo zimenyamaza nusu saa. Watoto wafundishwe hivyo darasani kabla ya mvua za Novemba.

Mafundi mliomo humu nina ombi. Darasa moja la kawaida, kufunga kenchi zote kwa chuma na kuweka kizuia radi pamoja na waya wa kwenda ardhini, kwa bei za sasa inafika ngapi? Tupieni hapa kila mtu kwa bei ya mkoa wake, nataka niingie nayo kikao cha kata kijacho nikiwa na karatasi mkononi.