Acheni kusema marufuku ya pombe Marekani ilishindwa kwa sababu ya walevi!

Wakuu, huu upotoshaji umezidi. Kila mada ya pombe ikiibuka anatokea mtu kusema marufuku ya Marekani ilishindwa kwa sababu "wale ni walevi", au kwa sababu ya Al Capone, yule jambazi wa magendo ya pombe. Hapana! Someni sheria yenyewe.

Sheria ya Volstead, ndiyo iliyotekeleza marufuku hiyo, iliyoanza kutumika Januari 1920, ilikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha kinywaji chenye kilevi cha kuanzia asilimia 0.5. Kunywa haikukataza. Tajiri aliyejaza stoo yake mwaka 1919 aliendelea kunywa nyumbani kihalali kabisa, kibarua akafungiwa baa yake. Huo ni uonevu, na watu waliuona mapema.

Halafu milango ikaachwa wazi. Daktari aliandika cheti cha wiski, painti moja (kama nusu lita) kwa siku 10. Divai ya ibada ruksa. Kila familia ikaachiwa galoni 200 za "juisi ya matunda" kwa mwaka, karibu lita 760! Juisi ya zabibu ikikaa kwenye pipa wiki chache inachacha yenyewe, hata hamira huhitaji. Na kulinda nchi nzima, pamoja na mpaka wote wa Kanada, wakaanza na maofisa kama 1,500 wenye mishahara midogo. Rushwa ingekosaje?

Magendo nayo yana hesabu zake. Bia inajaza lori na kilevi chake ni kidogo. Kwa hatari ileile unabeba pombe kali na faida ni mara kadhaa. Kwa hiyo wanywaji wa bia wakasukumiwa kwenye pombe kali.

Linaloniuma zaidi ni sumu. Spiriti ya viwandani ilikuwa inaibwa na kugeuzwa kinywaji. Serikali ikijua hivyo, mwishoni mwa 1926 ikaagiza methanoli, aina ya spiriti yenye sumu kali, iongezwe humo. Wapishi wa uchochoroni walidhani kuipika upya kutaitoa, kwa kuwa methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 na etanoli, kile kilevi cha kawaida cha pombe, 78. Wapi! Mivuke hupanda pamoja, na mtambo duni hauwezi kuitenganisha. Mwilini methanoli inageuka asidi ya fomiki, inaua mshipa wa fahamu wa jicho. Watu walipofuka, wengine wakafa, na waliotoa agizo walijua kabisa kwamba ile spiriti inanywewa.

Baada ya mdororo wa 1929 hazina ikawa tupu na ushuru wa pombe ukakumbukwa. Tarehe 7 Aprili 1933 bia ya asilimia 3.2 ikarudi. Tarehe 5 Desemba Utah ikawa jimbo la 36 kuridhia kufutwa kwa marufuku, idadi iliyohitajika ikatimia, kupitia mikutano maalumu ya wajumbe, maana wabunge wa majimbo waliogopa wanaharakati wa marufuku. Mississippi iling'ang'ania ya kwake hadi 1966.

Sasa anayetaka kuleta tena hoja ya "walevi" humu, aanze kwanza na kile cheti cha daktari na hiyo methanoli.