Yaani umenusa gauni la mwanangu mbele ya wateja? UMENUSA?

Bibi Kikoi:

Wakuu, nimeingia nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua. Mikono inatetemeka, mnivumilie kwa mwandiko.

Jina sitaji. Sina haja. Kila mwenye mtoto mdogo mji huu anamjua. Yule dada wa duka la nguo za watoto za mtumba, la mali kauli, ghorofa ya kwanza, ngazi nyembamba mpaka unapanda kiubavu, chini katandika zulia la kijani la plastiki utadhani uwanja wa mpira. Anayeandika status "karibuni wamama wazuri" kila asubuhi saa moja. Huyo huyo.

Leo KANUSA gauni la mwanangu.

Kwa asiyejua utaratibu wake: unapeleka nguo zilizombana mwanao, anaandika kwenye daftari, anatundika kwenye henga, zikiuzika yeye asilimia arobaini wewe sitini, zisipouzika ndani ya miezi miwili unakwenda kuchukua mzigo wako. Biashara nzuri, sikatai. Mtoto wa miaka mitatu anaacha gauni likiwa bado linanukia dukani. Sasa uliweke la nini? Ndiyo maana nikakusanya pisi kumi na saba. Kumi na saba! Siku mbili niko nyuma ya nyumba nafua kwa mkono, naanika kivulini rangi isipauke, napiga pasi ndani na nje. Vifungo viwili vilikosekana nikaenda kuvitafuta mpaka nikavipata vinavyofanana. Jana usiku nikafukiza udi. Nikapanga kwenye shangazi kaja taratibu kama mtu anapanga mayai, nikakodi bajaji, nikaenda na binti yangu mwenyewe maana shule wamefunga.

Nafika pale wateja sita. Mmoja kabeba mtoto mgongoni. Na dereva wa bajaji yupo, ndiye aliyenipandishia mzigo.

Dada kafungua begi. Gauni la juu kabisa ni lile la krimu lenye kola ya kudarizi, la spesho, yaani jipya si mtumba, nililinunua Kariakoo elfu arobaini na tano, limevaliwa mara MBILI, Idi na harusi ya shangazi yake. Kalitoa kwa vidole viwili. Vidole viwili, kama mtu anamtoa panya kwa mkia. Kalinyanyua kwenye taa, kalizungusha. Halafu kalipeleka puani.

Na si kunusa kwa kupitisha. Pua ilizama mpaka kwenye kola. Alivuta pumzi ile ya mtu anayepimwa mapafu, nina hakika mapazia ya duka la jirani yalisogea. Pua ile ingefaa kufanya kazi bandarini, mizigo ingekaguliwa meli ikiwa bado Zanzibar.

Kisha kageuka. Hakugeukia mimi, kageukia WATEJA. Akasema, "Mmh. Hili hata kudekia."

Hata kudekia.

Gauni la mwanangu la Idi.

Nikataka kusema kitu, sauti haikutoka. Akaendelea kutoa moja moja, nyingine wala hakuzifungua, kwenye kumi na saba akabakisha mbili, zote sweta. Lakini hizo sweta sina habari nazo. Mimi niko kwenye kunusa. Maana binti yangu alinivuta khanga, akaniuliza kwa sauti ambayo duka zima lilisikia, "Mama, kwani nguo zangu zinanuka?"

Nimemjibu nini? Sikumjibu. Nimeshuka zile ngazi na begi langu, kwenye bajaji mtoto akawa ananusa mkono wa blauzi aliyovaa. Miaka minne. Ananusa mkono wake njia nzima, na dereva anaangalia kwenye kioo ananyamaza.

Naomba mnitajie duka lingine la mali kauli la nguo za watoto, Tegeta, Mbagala, Gongo la Mboto, popote, hata kwa boti nitaenda. Sharti langu ni moja tu: mwenye duka awe na mafua.

Dafu Bichi:

Nimewahi siti ya mbele. Karanga ninazo.

Chausiku wa Temeke:

Namjua! Kwangu hakunusa, kwangu alipapasa. Nilipeleka jinzi ya mwanangu wa kiume akaniambia "goti limechoka". Goti la mtoto wa miaka minne lisipochoka mpeleke hospitali.

Bwana Stoo:

Mleta uzi umeandika sana ila swali la msingi hujajibu. Lilikuwa linanuka au halinuki?

Bibi Kikoi:

UDI. Nimeandika udi. Soma.

Bwana Stoo:

Sasa udi si harufu? Unamfukiza mtoto wa chekechea kama anaingizwa chumbani kwa bwana harusi, halafu unashangaa mtu kanusa. Mimi ningenusa mara mbili.

Bibi Kikoi:

Angenusa akasema "udi mzuri huu" ningekuwa hapa? Kasema KUDEKIA. Mbele ya mwenye nguo.

Saa Kumi na Mbili Asubuhi:

Dada, nyie watu wa maduka ya zulia mnajitakia. Mimi watoto wangu watatu wamevaa mitumba ya soko la Karume, Ilala, tangu kitovu hakijadondoka. Unafika mapema, belo la watoto la kilo 45 linakatwa kamba mbele ya macho yako. Pisi za kwanza kutoka ni za wajanja, wenye maduka kama ya huyo dada yenu ndio wanazizoa pale pale, na bei yake ni ya kugombania. Ukivumilia mpaka saa nne bei imelainika. Mchana wanamwaga kwenye turubai, jero jero, unainama unachagua mpaka mgongo ukuume. Januari 2022 soko lilipoungua nilijua habari ndiyo imeisha, wapi, watu wamerudi. Na pale hakuna wa kukunusia. Pale unanusa WEWE.

Chausiku wa Temeke:

Tandika pia zipo, usimpeleke mtu wa Mbagala mpaka Ilala kama hana nauli.

Saa Kumi na Mbili Asubuhi:

Tandika wamezoea kuchanganya gredi. Juu unaona nzuri, chini matambara.

Chausiku wa Temeke:

Nani kakwambia? Lini umekuja Tandika wewe?

Nairobi kwa Mguu:

Poleni majirani. Huku Gikomba, soko letu la mitumba, zile kali za kwanza tunaita kamera, na zile za mwisho kabisa tunaita fagia. Kwa hivyo huyo madam alikuambia nguo ya mtoi ni fagia, tena kwa kifupi. Ni vibaya, lakini angalau hakusema kwa maikrofoni. Huku kuna jamaa ana spika.

Mama Vipimo:

Wakati mnagombana niseme jambo moja, maana naona watu wananunua nguo za watoto kwa kubahatisha. Lebo zikitoka Ulaya bara, ile namba 92, 98, 104 ni urefu wa mtoto kwa sentimita. Mpime mwanao ukutani kwa penseli, nenda na namba yako. Lebo za Uingereza zinaandika umri. Za Marekani ukiona 2T au 3T ni za wanaojifunza kutembea, zimekatwa kwa nafasi ya nepi, ndiyo maana zinakaa pana matakoni. Kisha vuta mpira wa kiuno kabla hujalipa, mpira ukishakufa nguo imekufa.

Dafu Bichi:

Miaka yote nilijua 92 ni mwaka iliyoshonwa. Nimewahi kukataa suruali nzuri kabisa nikamwambia muuzaji hii imezeeka kuliko mke wangu.

Daftari la Bluu:

Nami nafanya mali kauli, si huyo dada, mkoa mwingine. Mtanitukana lakini nasema. Kunusa ni lazima. Nguo ya mtoto iliyokaa kabatini mwaka mzima inashika ukungu, au naftalini, na harufu hiyo ukiitundika inahamia kwenye henga zote. Na maziwa, doa la maziwa ukifua halionekani, nguo ikikaa miezi linarudi njano kifuani. Ndiyo maana tunanyanyua kwenye taa. Wateja wangu wakikuta doa hawamlaumu aliyeleta, wananilaumu mimi. Lakini kosa la mwenzangu lipo. Unapokea begi, unasema asante mama, nitakupigia jioni. Unanusa mwenye mzigo akishaondoka.

Bibi Kikoi:

Hapo. HAPO! Hivyo tu! Ningepigiwa simu jioni nikaambiwa mama mzigo haujapita, ningekwenda kuchukua na soda ningemnunulia. Lakini yeye kanusa mtoto akiwa amesimama pale, kichwa chake kiko sawasawa na meza.

Bwana Stoo:

Unampelekaje mtoto kwenye biashara ya nguo zake mwenyewe? Hata ng'ombe hapelekwi bucha akatazame mizani.

Mzee wa Foleni:

Watoto wa siku hizi mna raha. Miaka ya themanini mwanzoni tulipanga foleni duka la RTC, la serikali, tangu alfajiri kwa ajili ya kitambaa, na ukifika mbele unaambiwa kimeisha. Viwanda vya nguo tunavyo, Urafiki ipo, Mwatex ipo, Mutex ipo, na nguo hakuna. Mtoto wa sita anavaa kaptula iliyoanzia kwa wa kwanza, imegeuzwa ndani nje mara mbili. Mzee Mwinyi alipoingia 1985, akaja na ruksa zake, mitumba ikamwagika, tukaiita kafa Ulaya, tukavaa. Hakuna aliyenusa. Tungenusa na nini wakati tunashukuru Mungu?

Kitovu Changu:

Samahani mleta uzi, mimi nashangaa zaidi unavyotoa nguo za mwanao zikatundikwe sehemu usiyoijua. Mtoto anajulikana kwa jasho lake. Mimi za wanangu zikibana nazichoma. Hata wifi yangu sikumpa, na ndiyo chanzo cha sisi kutosalimiana mpaka leo.

Dafu Bichi:

Kwa hiyo wazungu wote wanaotuletea kafa Ulaya watoto wao wamekwisha? Maana nguo zao zipo Manzese mpaka kwenye mitaro.

Kitovu Changu:

Wazungu hawana wifi.

Chausiku wa Temeke:

Afadhali wewe hukumpa. Mimi shemeji yangu nilimwazima nguo za kichanga, sanduku zima, nikamwambia mwanao akimaliza nirudishie maana bado nazaa. Nilipopata ujauzito wa pili nikaenda kuziomba. Kamgawia jirani yake! Nguo zangu nimezikuta kwenye kamba ya watu nisiowajua, nikasimama nje ya ukuta nazihesabu.

Fundi Hajalipwa:

Hayo yote yanatoka wapi? Ni kwa sababu mmeacha kushonesha. Mngeshonesha mngekuwa na gauni la kwenu, pindo limeachwa inchi tatu, mtoto akirefuka unafumua unateremsha, anavaa miaka mitatu. Mnakimbilia spesho na mtumba halafu mnalia hapa.

Mama Vipimo:

Fundi usituanze. Nimepeleka kitenge cha Idi mwezi mmoja kabla. Usiku wa kuamkia Idi nimekaa kibarazani kwa fundi mpaka saa saba, ananiambia amebakiza mkono. Asubuhi nachukua, mkono mmoja wa mtoto wangu na mwingine wa mtoto wa mtu!

Saa Kumi na Mbili Asubuhi:

Wangu alikula kitambaa. Nilimpa mita tatu kaniletea gauni la mtoto wa miaka miwili na akasema hakikubaki hata kipande. Wiki iliyofuata namkuta mwanawe kavaa shati la kitambaa changu.

Fundi Hajalipwa:

Na nyie mnaokopa? Nina gauni sita za Pasaka zimening'inia hapa, wenyewe wanapita barabara ya nyuma wasinione. Watoto wenyewe sasa hivi haziwaingii.

Bibi Kikoi:

Jamani, samahani, nani kajibu kuhusu duka? Nimeuliza duka. Na mtoto bado ananusa, sasa kahamia kwenye shuka.

Chausiku wa Temeke:

Fundi, hizo gauni sita namba ngapi? Yupo wangu wa sentimita 104.

Fundi Hajalipwa:

Mbili zinamwingia. Moja ya njano, moja ya zambarau. Njoo na hela, siyo na simulizi.

Nairobi kwa Mguu:

Ya zambarau inatumwa Nairobi kwa basi?