Draiva ikiwa salama, inyamaze?

Mleta mada: Wakuu, washa mashine yoyote ya Linux usome dmesg (kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli, kiini cha mfumo). Kila draiva (programu inayoendesha kifaa) inajitaja: jina, toleo, "nimepakiwa". Hoja yangu: dev_info (ujumbe wa taarifa) za kujitambulisha ndani ya probe (sehemu ya draiva inayoandaa kifaa) ziondolewe kabisa, au zishushwe ziwe dev_dbg (ujumbe wa utatuzi, kwa kawaida hauonekani). Toleo lenyewe linadanganya, liliandikwa kwa mkono na hakuna anayelibadilisha. Draiva ikishaingia kwenye kerneli, toleo lake ni la kerneli.

Fundi wa vifaa vidogo: Naunga mkono, tena kwa hesabu. Konsoli ya siriali (maandishi ya mashine yanayopita kwenye waya) ya biti 115200 kwa sekunde hupitisha herufi 11,520 kwa sekunde. Mstari wa herufi 80 ni karibu milisekunde 7. Mistari 300 ni sekunde 2 zimeliwa na majigambo.

Msimamizi wa seva: Hiyo dawa yake ipo: weka `quiet` kwenye amri ya kuwashia kerneli. Konsoli inabaki na hitilafu za ngazi ya 0 hadi 3, na dmesg haipotezi kitu. Mimi mstari unaotaja fimuwea (programu ya ndani ya kifaa) iliyopakiwa nauhitaji. Mashine ikigoma katikati ya kuwaka, sysfs (faili za kerneli zinazoeleza vifaa) nitaisomea wapi?

Mleta mada: Wa fimuwea ubaki, mkuu, una habari. Wa "nimepakiwa" hauna. Ukitaka dev_dbg za draiva moja tangu mwanzo, ongeza `jina_la_moduli.dyndbg=+p` kwenye amri ya kuwashia kerneli.

Mkaguzi wa viraka: Mnagombania info, ilhali kelele inayopotosha watu ni dev_err (ujumbe wa hitilafu) isiyo hitilafu. Draiva ya skrini inaomba regyuleta (kidhibiti cha umeme) ambayo bado haijawa tayari, inapata -EPROBE_DEFER (-517, yaani "jaribu tena baadaye"), inalia "imeshindikana" mara nne, ya tano inafanya kazi. Mtumiaji ameshaanza kutafuta skrini nyingine! Tangu kerneli 5.9 andika `return dev_err_probe(dev, ret, "...")`: ikiwa ni 517 inashuka kuwa debug na sababu inahifadhiwa kwenye `/sys/kernel/debug/devices_deferred`, ikiwa hitilafu ya kweli, inapiga kelele kama kawaida.

Futeni pia dev_err baada ya platform_get_irq (inayotafuta IRQ, njia ya kifaa kuishtua prosesa), kwa sababu tangu 5.4 inalalamika yenyewe. IRQ ikiwa si ya lazima, tumieni platform_get_irq_optional. Ila msipitishe sed (programu ya kubadili maandishi kwa mkupuo) kwenye faili zima kugeuza kila dev_err kuwa dev_dbg. Viraka (mabadiliko ya msimbo) vya namna hiyo navirudisha: probe inafeli kimya, na mtumiaji anabaki na kifaa kisichoonekana.

Msimamizi wa seva: Kwenye dev_err_probe nimekubali. Kwa dyndbg bado. Bila CONFIG_DYNAMIC_DEBUG (chaguo la wakati wa kujenga kerneli), dev_dbg haiingii hata kwenye faili iliyokompailiwa, isipokuwa uijenge upya na DEBUG. Na wanaoizima ili kubana nafasi ni haohao wa vifaa vidogo.

Fundi wa vifaa vidogo: Kweli, kwangu imezimwa. Basi mstari mmoja kwa kila kifaa, chipu na fimuwea tu, mwishoni mwa probe.

Mleta mada: Mmoja? Na bodi yenye vihisi 40 vya aina moja?