Tupeane uzoefu: umeepukaje wizi wa kitaaluma kwenye tasnifu yako?

Wakuu, heshima kwenu. Mlio masta na PhD, hili la kutumia maneno au mawazo ya mtu bila kumtaja naomba tulijadili kwa uzito. Mwaka 2011 waziri wa ulinzi wa Ujerumani, Karl-Theodor zu Guttenberg, alivuliwa udaktari na Chuo Kikuu cha Bayreuth kwa wizi wa aina hiyo kwenye tasnifu yake, na siku chache baadaye uwaziri nao ukamtoka. Shahada alishaitumia miaka kadhaa.

Mimi naamini wizi mwingi huanzia kwenye noti, kabla hata hujaanza kuandika. Daftari langu nimeligawa: kushoto maneno ya mwandishi, ndani ya alama za kunukuu, na ukurasa wake, kulia nilichoelewa mimi. Nikikaa kuandika sura ya pili, ile ya mapitio ya maandiko, nafunga makala zote, nafuata upande wa kulia tu. Kisha narudi kushoto kuhakiki. Nanyi je?

Mtafiti wa Iringa: Ahsante mleta uzi. Watu wanaogopa asilimia kuliko wizi wenyewe! Turnitin, programu ya kukagua tasnifu, inaonyesha kwa asilimia maandishi yanayofanana na ya wengine, haihukumu. Dada mmoja darasani kwetu alitokwa jasho kwa asilimia kubwa, kumbe ni orodha ya marejeleo na dodoso alilolitajia chanzo. Mwingine asilimia yake ilikuwa ndogo, ila alikuwa anabadilisha neno mojamoja, "umuhimu" inakuwa "faida", huku hoja zikipangwa vilevile kama kwenye makala aliyoichukua. Supavaiza alimkamata kwa kusoma tu, makala ile anaifahamu.

Binti Pwani: Sisi wa Kiswahili tuna mtego wetu: aya ya Kiingereza inatafsiriwa yote, jina la mwandishi wake halionekani. Mara nyingi programu haioni kitu, lakini bado ni mali ya mtu. Nikitafsiri naweka jina, mwaka, ukurasa, na maneno "tafsiri yangu".

Mwalimu wa Kata: Ongezeni hili. Mtu anamtaja Vygotsky, yule mwanasaikolojia, kana kwamba kamsoma, kumbe kamkuta kwenye tasnifu ya mwenzake. Andika wazi: Vygotsky, kama alivyonukuliwa na fulani. Na kwenye marejeleo umweke huyo fulani uliyemsoma.

Mleta uzi: Shukrani sana. Wa maabara hamjasema. Maelezo ya mbinu ambazo kila mtu anazitumia vilevile, nyie mnayaandikaje?