Sentrifuga haipo? Basi krimu yangu inatengwa na nani?

MamaMaziwa
Wakuu, salaam kutoka Tanga. Mwanangu yuko kidato cha tano, kaja na habari kwamba kani ya sentrifuga, ile inayodaiwa kusukuma kitu kinachozunguka kwenda nje, "si ya kweli, inaonekana tu". Mimi ndiye ninayesimamia mashine ya kutenga krimu kituoni kwetu. Maziwa yakiwa vuguvugu, bakuli likishika kasi hadi mlio unakuwa mwembamba, nafungua koki: mdomo mmoja unatoa maziwa yaliyoenguliwa, wa pili krimu nzito. Ukifungua mapema, mafuta yote yanapotelea kwenye maziwa. Sasa kitu cha kuonekana tu kinafanyaje kazi hiyo? Na msinijibu kwa fomula, fomula anazo mtoto.

DerevaKona
Ipo mama, asikudanganye mtu. Mimi napandisha Mombo–Lushoto. Kata kona na mwendo uone abiria wanavyolaliana, konda kang'ang'ania mlango. Wanaobisha hawajakaa siti ya nyuma.

TichaFizikia
Mkuu Dereva, nani anamsukuma abiria kwenda nje? Mtaje. Kani ya kweli ina mwenyewe: kamba, ukuta, msuguano, mvuto wa Dunia. Abiria wako anaendelea na safari yake ya kunyooka, gari ndilo linakata kona. Ubavu wa gari ukimfikia, unamsukuma kuelekea ndani ya kona, si nje.

Mama, kwenye bakuli ni hivyo hivyo. Ili tone lizunguke, lazima lisukumwe kuelekea katikati. Ukuta unasukuma maziwa yaliyo karibu nao, nayo yanasukuma ya ndani zaidi. Msukumo huo unalitosha tone la maziwa barabara. Kwa tone la mafuta la ukubwa uleule, ambalo ni jepesi, unazidi, basi linasogezwa katikati. Krimu hiyo. Hakuna kilichotupwa nje.

MamaMaziwa
Mwalimu, nimekuelewa, ila fundi aliyefunga mashine alisema mle ndani maziwa yanakuwa mazito mara 2,000. Alitudanganya?

TichaFizikia
Hata kidogo. Sentimita 5 kutoka katikati, kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, inafika mara 2,000 hivi ya mvuto wa Dunia. Fundi anahesabu kama mtu aliye ndani ya bakuli, anayezunguka nalo. Kwake maziwa yametulia, kwa hiyo analazimika kuweka kani ya kwenda nje ili hesabu ikubali, na mafuta kwake yanaelea kuelekea katikati. Jibu ni lilelile. Mwanasayansi Huygens aliandika juu ya kani hiyo ya kwenda nje mwaka 1659, kabla Newton hajaipa jina ile ya kuelekea katikati. Sisi wenyewe tunazunguka na Dunia, kwa hiyo nasi tunaiweka kwenye hesabu: hapo Tanga, mtu wa kilo 70 inampunguzia kama gramu 240 kwenye mizani ya springi.

DerevaKona
Kwa hiyo mimi ndani ya gari niko sahihi.

TichaFizikia
Ukiwa ndani ya gari, sawa. Trafiki aliyesimama kando ya barabara ana hesabu yake.

Mama, mwambie kijana, kwenye swali la jiwe linalozungushwa kwa kamba, kabla ya kuchora mishale ya kani aandike anatazama akiwa wapi, kasimama chini au anazunguka. Aliyesimama chini achore mshale wa kuelekea katikati peke yake. Akiongeza na wa nje, inafutana, na jiwe lake la kwenye kamba linatakiwa kwenda kwa mstari ulionyooka wakati swali linasema linazunguka. Wengi wanapoteza maksi hapo.