Mrejesho: zile keria na bulbaa zilizokuwa zinapotea stoo

Niaje wadau. Kwa wale hawakuona swali langu, mimi niko kaunta ya spea kwa shorumu moja ya magari hapa Industrial Area, nilikuwa nimeuliza mbona hesabu ya bulbaa (zile ngao za chuma za mbele ya gari), keria za juu ya gari na mati za sakafuni haikubaliani na ya kompyuta kila mwisho wa mwezi. Basi nikafuata ushauri wenu wa kukataa kutoa kitu bila kadi ya kazi, ile karatasi ya kazi ya gari yenye namba ya chesisi, hata kama ni mati tu, watu wa mauzo wakaninunia wiki nzima.

Kumbe hakuna mwizi! Mteja akitaka keria leo leo, watu wa mauzo wanafungua ya gari lingine pale yadi, halafu hilo likipata mteja wanakuja kwangu "bro nipe keria, karatasi naleta". Karatasi mpaka leo. Nilizunguka yadi na tochi ya simu nikakuta pikapu moja ina mashimo manne ya boliti na bulbaa hakuna.

Sasa gharama inaingia kwa gari siku kitu kinafungwa, si siku linauzwa. Bado alamu mbili hazijapatikana. Fundi wa waya anaapa aliziweka, gari gani hakumbuki.