Naomba ushauri: Min Saw Mon nimpange Launggyet au Mrauk U?

Wakuu, habari za leo. Naandaa jedwali la wafalme wa Arakan (Rakhine, magharibi mwa Myanmar) na nimekwama sehemu mbili.

Min Saw Mon alikuwa mfalme wa mwisho wa Launggyet, mji mkuu wa zamani. Mwaka 1406 majeshi ya Ava (ufalme jirani wa Kiburma) yakamfukuza, akakimbilia Bengal. Baada ya zaidi ya miaka 20 alirudishwa kwa msaada wa sultani wa huko, na 1430 akahamia mji mkuu mpya, Mrauk U. Nimejaribu kumwandika mara mbili, lakini hesabu ya wafalme inazidi kwa mmoja. Nikimweka Mrauk U peke yake, Launggyet inabaki bila mfalme wake wa mwisho.

La pili ni sarafu za fedha. Mwaka wa Kirakhine ulioandikwa kwenye sarafu naujumlisha na 638 kupata mwaka wetu wa kawaida, au 639 kwa Januari hadi katikati ya Aprili, maana mwaka wao huanza Aprili. Min Khamaung: 974, yaani 1612. Thiri Thudhamma: 984, yaani 1622. Zote zinaangukia mwaka wa kutawazwa, safi kabisa. Ila sarafu ya Min Razagyi, yenye jina lake la Kiislamu Salim Shah, imeandikwa 963, yaani 1601, wakati alitawazwa 1593! Tarakimu nimezihakiki moja moja, ni 9, 6, 3.

Naomba kujua: mfalme wa miji miwili mnampa namba moja au mbili? Na hiyo 1601 niiweke safu ya kutawazwa, au niifungulie safu ya "mwaka wa sarafu"?

Natanguliza shukrani.